Msimwandike Musa Baharini

Usiku ule nililala na hasira zangu, wala sikutarajia mgeni. Mchana wake kijana wa jeshi la majini alikuja mlangoni kwangu na ramani kubwa kama mkeka. Meli yao imetia nanga huko nje, inapima bahari. Akanionesha alama ndogo kwa kidole.

"Shikamoo bibi. Mwamba huu watu wote hapa wanauita Musa. Tumeambiwa ni jina la mwanao. Tuuandike hivyo?"

"Marahaba. Ndiyo mmekuja kuupima leo?" nikamwambia. "Mwanangu keshaupima kwa kifua chake."

Akainamisha kichwa. "Zamani fedha zilikuwa hazijapangwa, bibi."

"Za mapazia ya ofisi zilipangwa."

Nikamwambia aje asubuhi nimpe jibu. Moyoni jibu nilikuwa nalo: aandike, tena kwa wino mnene. Kila mkubwa atakayeifungua ramani ile amsome Musa wangu, chakula kimkwame.

Musa alikuwa nahodha wa boti ya mizigo. Ramani aliyopewa ilichorwa na wakoloni, na pale penye mwamba ilionesha maji, maji matupu. Kila mwaka serikali ilisema itapima upya. Kila mwaka bajeti ilipita, bahari haikutajwa. Siku boti yake ilipogonga mwamba ule, alikuwa amepakia magodoro. Magodoro yote yalirudi pwani. Musa hakurudi. Tangu hapo mwamba ukachukua jina lake, na mtaani kwetu hakuna mama aliyethubutu kumpa mtoto jina hilo. Juzi binti wa Musa, Zuhura, kajifungua mwana wa kiume humu humu nyumbani mwangu, akataka amwite Musa. Nikamkatalia. "Mwanao utampaje jina la mwamba?"

Basi, nikaota. Musa kaingia kwa mlango wa jikoni, vile vile, anainama asigonge kichwa. Nilidhani atakuwa amelowa. Mkavu. Kofia yake ina vumbi la saruji. Anafunua sufuria, anakwangua ukoko wa wali kwa vidole, anakula kasimama kama alivyozoea. Nataka kumwambia kaa, mwanangu, ulimi hautaki.

Sufuria imekuwa meza. Meza ndefu, wakubwa wamekaa na suti zao, ramani ile ya kale mbele yao. Maji yamewafika magotini, hawayaoni. Vikombe vya chai vinaelea. "Tuisogeze mwaka ujao," anasema mmoja, na wote wanatikisa vichwa. Maji yanawafika vifuani, wanatikisa tu. Nawapigia makelele: "Mwanangu yuko njiani! Nyie! Yuko njiani na magodoro!" Mmoja ananipa kiti.

Nakaa, na kiti kiko botini. Musa ameshika usukani. Mbele, chini ya maji, naona kitu cheupe kama gego. Namvuta shati, hapindi. Hapo meli zinatutokea, nyingi, kubwa, na manahodha wanapigiana kelele kwa vipaza sauti: "Jihadhari na Musa! Kaa mbali na Musa! Musa huyo, geuza!" Na zote zinageuka, zinatukimbia, mpaka tunabaki sisi wawili na maji.

Musa ananitazama. Uso wake, jamani. Ule uso wa utotoni, wenzie wakikataa kucheza naye.

"Unasikia wanavyonikimbia, mama?"

Nikasema, "Nataka wakusome, mwanangu. Waliokuua wakusome."

"Hawasomi. Wananikwepa tu." Akajifuta ukoko mdomoni. "Waandike kina cha maji, watu wapite salama. Mimi niite nyumbani."

"Nikikuita utaitika?"

Aliinama, kana kwamba mlango wa jikoni kwangu uko pale pale katikati ya bahari, akatoka.

Nikaamka shuka limenikaba shingo. Chumba cha pili kitoto kinalia. Nikaenda kwa kupapasa, nikamkuta Zuhura anamnyonyesha, hanyonyi. Nikampokea.

"Musa," nikasema.

Zuhura akaninong'oneza, "Bibi, umesemaje?"

"Nimesema Musa. Na yule kijana wa ramani akija, mwambie aandike kina, jina aliache. Jina lina mwenyewe."

Zuhura akaanza kulia, kitoto kikanyamaza. Nikaita tena, safari hii kwa sauti, macho yangu kwenye mlango wa jikoni.

Aliyegeuza kichwa ni huyu mdogo tu.