Mpunga Warudi Kwenye Udongo wa Chumvi

Jua linapochungulia, mwanamke mmoja ameshakunja gauni hadi magotini na kuingia kwenye jaruba lake, kipande cha shamba kilichozungushiwa tuta ili maji yasitoroke. Anashika suke la mpunga, analiminya kwa kidole gumba, kisha anatabasamu.

"Lina punje," anasema. "Mwaka juzi ungeminya hivi, ungekuta pepe tupu."

Majirani wanamwita Mama Chumvi. Jina hilo alipewa kwa utani, shamba lake lilipoanza kutoa unga mweupe kila maji yalipokauka. Miche ikipandwa leo, keshokutwa ncha zimeungua kama zilizopitiwa na moto. Iliyopona haikutoa machipukizi mapya.

"Waliniambia, wewe chumvi hununui dukani, unachota shambani," anakumbuka akicheka. "Nacheka sasa. Wakati ule kicheko kilikuwa cha meno tu."

Mavuno yalishuka kutoka magunia kumi na nane hadi matatu. Mumewe akafunga mzigo, akaenda mjini kufanya vibarua vya ujenzi. Yeye akabaki na watoto, na shamba ambalo ukoo mzima ulishalikatia tamaa.

Bwana shamba alipopima udongo, alimwambia dawa si mbolea. Aingize maji ya mfereji wa umwagiliaji, yakae yayeyushe chumvi, kisha ayatoe yote, na arudie hivyo kabla ya kupanda. Lakini njia pekee ya kuyatoa ilipita kwenye shamba la mdogo wa mumewe.

"Unataka kunihamishia balaa lako?" shemeji huyo alimjibu. "Hapana, shemeji. Tafuta njia nyingine."

Hakugombana naye. Alichimba mtaro upande wake hadi mpakani, akaishia hapo.

Msimu uliofuata shemeji alikuja mwenyewe, jembe begani. Kona ya shamba lake nayo ilikuwa imeanza kuwa nyeupe. Alisimama akikwaruza tuta kwa kidole cha mguu.

"Shemeji, huo mtaro wako tuuvushe," alisema. "Na maji yangu yapite humo humo, yateremke bondeni."

"Karibu," Mama Chumvi alimwambia. "Jembe umekuja nalo, maneno ya nini tena?"

Walichimba pamoja, wakaosha udongo mara kadhaa. Miche nayo safari hii ilikaa kitaluni muda mrefu zaidi, kwani ikiwa michanga chumvi huiua upesi.

Kazi haijaisha. Upande mmoja mpunga bado ni mfupi, na bwana shamba amewaonya kwamba mtaro ukiziba, chumvi itarudi. Wamekubaliana kuuzibua pamoja kila msimu.

Mama Chumvi anatarajia magunia kumi hivi. Akijaliwa, anataka baba watoto arudi nyumbani, aachane na vibarua vya mjini.

"Jana alipiga simu, akaniuliza mpunga unaendeleaje," anasema, macho yakiwa kwenye masuke. "Nikamwambia, mpunga hauangaliwi kwa simu. Njoo, na uje na mundu."