Ndege ya Kitambaa Iliyoliwa na Ng'ombe

Mimi ni fundi cherehani hapa Ifakara. Nimeshona sare za shule, majoho ya kwaya, magauni ya kipaimara na ya harusi, na mapazia mengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningeshona mkia wa ndege. Lakini nina kaka ambaye ni fundi wa ndege, na mwenye kaka wa namna hiyo hajui kesho ataamkia kazi gani.

Kaka alijifunza ufundi huo Dar es Salaam akiwa kijana, akazunguka nao nchi nzima, na alipostaafu akarudi akajenga nyumba jirani na yangu. Kustaafu kwenyewe kulikuwa kwa jina tu. Mwenye ndege ndogo yeyote huku bondeni akisikia injini inakohoa, anampigia yeye. Mmoja wao ni rubani mstaafu, Mndamba wa Malinyi, mzee mpole asiyependa makelele. Huyo alinunua ndege chakavu iliyokuwa imefunguliwa vipande vipande, akaja nayo kwao juu ya lori, na yeye na kaka wakawa wanaiunganisha kila wapatapo nafasi hadi ikaruka.

Ni ndege ya viti viwili, kimoja mbele, kingine nyuma yake. Bawa limepita juu ya vichwa vya waliokaa. Ina matairi manene mawili mbele, na kigurudumu kidogo chini ya mkia, kwa hiyo ikisimama inakuwa imeinua pua kama mbuzi anayenusa. Mzee rubani huwarusha watu wanaohesabu viboko na sheshe, wale swala wa mbuga yetu, na masika maji yakikata barabara hupeleka dawa kwenye zahanati za mbali, pale penye kiwanja cha kutua.

Basi asubuhi moja nilikuwa nakata shati, kaka akaingia, akakaa kwenye kiti cha wateja. Nikamwamkia, akaitika. Kisha akasema, "Mdogo wangu, ng'ombe wamekula ndege."

Nilidhani ni fumbo. "Ndege gani?"

"Ile ya mzee. Wamekula mkia, na ubavu wa nyuma."

Ndipo nikajua jambo ambalo sikulijua miaka yote. Ile ndege niliyokuwa nikiiona inapita juu ya paa langu haikuwa ya bati. Ndani ni mabomba membamba ya chuma, na juu yake imevikwa kitambaa, kikapakwa dawa ya kukikaza na rangi. Na ng'ombe, sijui ni chumvi au ni harufu ya rangi ile, wanaipenda. Kwanza walijikuna kwayo. Kisha wakailamba. Kisha mmoja akatoboa kwa pembe, na penye tundu pakawa pa kuvutia kwa meno.

Siku ile ile tukapanda gari kwenda Malinyi. Tulikuta watu wamejaa kiwanjani. Katikati alisimama mzee wa Kisukuma, mrefu, kofia mkononi, fimbo kaikumbatia. Ng'ombe walikuwa wake. Watu walikuwa wakimtupia maneno ambayo huku kwetu husemwa upesi sana mkulima na mfugaji wakigongana: kwamba hawa wametujia na mifugo yao, wamekanyaga mpunga, na sasa wamegeukia ndege. Mmoja alitaka aitwe mtendaji wa kijiji, mwingine alitaka ng'ombe wakamatwe. Yule mzee alikuwa akiutazama mkia wa ndege, vitambaa vikining'inia kwenye mabomba, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika msibani.

Rubani alikuwa amechuchumaa chini ya bawa. Alipotuona akainuka, akawaambia watu, "Jamani, nyumba yangu niliiacha bila mlango. Ng'ombe hajasoma sheria za anga. Nendeni mkafanye kazi, mimi na huyu mwenzangu tutazungumza."

Watu wakaondoka shingo upande. Mimi nikamsogelea yule mfugaji, nikamwambia, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu," akasema. Mayu ni mama kwa Kisukuma. Kisha akamgeukia kaka. "Fundi, naomba kuuliza. Hii ngozi yake ni ya nini?"

"Hii ni ya kiwandani, poliesta," kaka akasema. "Lakini zamani, ndege hizi zilipobuniwa, zilivikwa kitani, baadaye pamba."

Mfugaji akausogelea mkia. "Pamba?"

"Pamba safi, iliyofumwa vizuri."

"Mimi nimezaliwa kwenye pamba," akasema. "Baba yangu alilima pamba maisha yake yote. Nimechuma pamba mpaka vidole vikachubuka, na hakuna aliyeniambia kwamba inaruka." Akaugusa mkia kwa ncha za vidole. Halafu akasema, taratibu kabisa, "Basi hawa ng'ombe walidhani wamefika nyumbani."

Rubani ndiye aliyeanza kucheka, na kaka akafuata, na mwisho mzee mwenyewe. Wakakubaliana hapo hapo. Mfugaji angejenga boma kuzunguka ndege, la nguzo na miiba, kama la ng'ombe, isipokuwa safari hii ng'ombe wangekuwa nje.

Kaka alifungua vipande vya mkia kwa spana, tukavifunga kwa mablanketi na kurudi navyo Ifakara. Kitambaa kilipofika kutoka Dar, karakana yangu ikabadilika. Wateja waliokuja kuchukua magauni walikuta kwenye meza yangu ya kukatia kitu kama mbavu za samaki mkubwa. Mwanamke mmoja alipoambiwa ni ndege akarudi nyuma hatua kadhaa, kana kwamba ingeruka naye.

Kaka hukaa kimya barabarani na hata mezani, lakini mikono yake ikiwa na kazi maneno yanamtoka. Wiki zile tukikata na kushona ndipo nilipopata kujua ndege ile ilitoka wapi.

"Waliozichora ndege za aina hii tatizo lao lilikuwa injini," aliniambia. "Injini za siku zile zilikuwa nzito na hazina nguvu. Ukitaka iinue watu wawili, vingine vyote viwe vyepesi. Sasa kitu chepesi na kigumu unakipata wapi?"

Nikatazama nje. Ifakara kila mtu ana baiskeli, na wakati ule ule alikuwa anapita mtu amepakia magunia mawili ya mpunga nyuma. Nikasema, "Baiskeli."

"Umeona," akasema. "Mabomba matupu yaliyounganishwa vizuri. Kwanza walitumia mbao, halafu wengi wakahamia mabomba ya chuma ya kuchomelea. Kitambaa hakibebi uzito mkubwa, kazi yake ni kuushika upepo."

Alisema nia ya waliobuni ndege hizi haikuwa kumfurahisha tajiri. Walitaka mtu wa kawaida, mkulima au mwalimu, aweze kujifunza kuruka bila kuuza shamba. Za mwanzo zilikuwa na injini ndogo mno, na baadhi hazikuwa na madirisha kamili, wanafunzi wakawa wanashuka wanatetemeka kwa baridi. Wakaziba ubavu. Injini bora ilipopatikana wakaibadilisha, na bawa wakaliimarisha lihimili. Tangi la mafuta lililokuwa mbele ya rubani likahamishiwa ndani ya mabawa. Wakaongeza vibawa vya kushusha ukingoni mwa bawa, ili itue polepole mahali pafupi. Mwaka hadi mwaka wakarekebisha, lakini ukiiweka ya leo karibu na ile ya mwanzo utajua ni mtu na mjukuu wake.

Hilo nililielewa bila shida. Nina mkato mmoja wa gauni nilioachiwa na mama. Nimeupanua kiuno, nimeuongeza mikono, nimeufupisha na kuurefusha kwa kadiri watu walivyotaka, na bado ni gauni la mama.

"Na hizi za bati?" nikamuuliza. "Zile za watalii."

"Za alumini. Hizo ni wadogo zake. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha viwanda vilikuwa vimezoea alumini, wakaona kitambaa kina kazi nyingi na hakidumu juani. Viti vikawa vinne, kwa nyingine hata sita, na gurudumu la mkiani likahamia puani."

"Kwa nini?"

"Hii yetu uzito wake mwingi uko nyuma ya magurudumu makubwa. Ukikosea kidogo wakati wa kutua, mkia unataka kutangulia, ndege inajizungusha. Gurudumu likiwa puani, inajinyoosha yenyewe. Waliojifunza hivi karibuni wengi hawaiwezi hii."

"Basi mzee anaing'ang'ania ya nini?"

Kaka akatabasamu. "Kiwanja cha Malinyi umekiona. Mashimo ya ngiri, majani, matope. Gurudumu la pua likiingia shimoni linavunjika, na pangaboi linapiga ardhi. Hii pua yake iko juu. Na bawa likiwa juu, anayehesabu viboko haoni bawa, anaona viboko."

Kitambaa cha mkia nilikishona kama foronya, nikakivisha mifupa yake, tukafunga mdomo kwa gundi. Kisha ikaja kazi ya pasi. Kitambaa kile kikipata joto kinajikaza chenyewe mpaka kinalia kama ngoma. Mimi nimepiga pasi tangu utoto, nikajiamini. Umeme siku ile ulikuwa unapanda na kushuka, pasi ikazidi moto bila mimi kugundua, nikapita nayo ukingoni mwa usukani wa mkia. Kitambaa kikajikaza kupita kiasi, nikaona bomba jembamba la ukingo likipinda taratibu, kama utepe unaovutwa. Nikanyanyua pasi, lakini lilikuwa limekwisha pinda.

Kaka alilitazama upande huu na upande ule. Hakunikaripia. Alichukua kisu, akakichana kitambaa chote. "Hata wao, waliobuni, walipinda mengi kabla ya kupata moja," akasema, akaenda kulinyoosha bomba. Nilikaa pembeni nikikunja vitambaa vilivyochanwa. Kesho yake aliniletea jenereta na kipimajoto cha kupimia uso wa pasi, tukaanza upya.

Sehemu niliyoipenda ni ile ya kushona kwa mkono, kukifunga kitambaa kwenye mbavu zake. Sindano ni ndefu kama kiganja na vidole vyake, uzi umepakwa nta. Unaupitisha upande huu, kaka anaupokea upande wa pili na kuurudisha, na kila mshono unafungwa kwa fundo lake peke yake, ili mmoja ukikatika mwingine usifuate. Tulikaa hivyo, mkia wa ndege katikati yetu, tukipokezana sindano bila kuonana, tukisimuliana habari za wazee wetu kule Mahenge. Sidhani kama tangu utotoni tulikuwa tumewahi kukaa pamoja muda mrefu hivyo.

Tuliporudi Malinyi kuufunga mkia na kuziba ubavu, boma lilikuwa limesimama. Mzee wa Kisukuma alikuwa amelijenga kwa nguzo imara na miiba iliyofumwa, na lango pana la kupitisha mabawa. "Mwangaluka," akatuamkia kwa kwao, akatuongoza ndani kama mwenye nyumba. Wale wale waliotaka ng'ombe wakamatwe sasa walikuwa wanamwuliza bei ya kujengewa mabanda ya mbuzi.

Mkaguzi wa ndege alifika, kijana mwenye miwani, mchache wa maneno. Alibonyeza kila mahali kwa kidole gumba, akamulika ndani kwa tochi, akaipitisha kucha yake kwenye mafundo yangu. Moyo ulinienda mbio kuliko siku yoyote niliyomvika bibi harusi. Mahali pamoja akataka utepe wa kufunika mshono urudiwe, nikaurudia mbele yake. Kisha akamwuliza kaka, "Aliyeshona ni nani?"

"Dada yangu."

"Mafundo yako sawa," akasema, akaweka sahihi.

Dawa na rangi zilipokauka, mzee rubani aliirusha kwanza peke yake, akazunguka, akatua. Kisha akaniambia nipande. Nilikataa, kaka akanifunga mkanda nikiwa bado nakataa. Niliketi nyuma ya rubani, naona shingo yake na kofia yake. Ndege ilikimbia kidogo tu juu ya majani, mkia ukainuka, halafu mtikisiko ukaisha.

Hakuna aliyeniambia kwamba inakwenda taratibu hivyo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kasi, na badala yake niliona bonde likipita kama mtu anayekunjua kitenge. Mpunga ulikuwa umeanza kuiva, mto ukajigawa na kurudiana, njia za viboko zikachora majani. Upande wa kaskazini milima ya Udzungwa ilisimama na mawingu yake. Niligeuka nikautazama mkia kupitia dirisha la pembeni. Kitambaa kilikuwa kimetulia, hakipepei hata kidogo.

"Vipi huko nyuma?" rubani akauliza kwa sauti kubwa.

"Naangalia mshono," nikamjibu.

Akacheka, akainamisha bawa upande wangu ili nione vizuri kundi la sheshe lililokuwa likivuka maji.