Okidi Nyuma ya Tangi la Maji

Ndoa yangu ilipovunjika nilihamia Goba kwa mdogo wangu, nikiwa na begi moja na umri ambao mtu hategemei kulala chumba cha watoto wa mwenzake. Hakuna aliyenisema. Mumewe aliniita dada, na chakula nilitengewa kama wengine. Lakini jirani akiniona na kuuliza, "Bado upo?" nilitamani ukuta unifunike. Nikawa nashinda nyuma ya nyumba, nafua hata visivyochafuka.

Huko, karibu na tangi la maji, palikuwa na mmea wenye majani marefu magumu. Niliumwagia maji ya kuoshea mchele, basi tu nipate cha kufanya. Kiangazi kilipokolea majani yakageuka njano, yakanyauka. Nilifukua kwa vidole nikakuta viazi vimeshikana kama tangawizi, vigumu, vizima. Nikavifukia.

Masika ilipoanza, ncha nene kama kidole ikachomoza pembeni, kisha ikawa kikonyo kirefu chenye vitumba. Ndipo shemeji akasema mezani kwamba kesho mafundi wanakuja kupanga matofali ya pevingi nyuma nzima. Ningesema nini, na hata sukari ya chai sikuwa nikinunua mimi?

Asubuhi nilichukua kisu cha jikoni nikaanza kuuchimbua.

"Dada, unatafuta nini?" Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu, mswaki mkononi.

Nilificha kisu kwenye kanga kama mwizi. "Ua tu, shemeji. Nataka kulihamisha."

"Mbona jana hukusema?"

Alinitazama, kisha akachuchumaa, akarudishia udongo kwa mikono yake. Mafundi walipofika akawaambia waache duara pale. Afadhali angenifokea.

Jumuiya ya kanisani ilipokutana kwetu kusali, maua yalikuwa yamefunguka kuanzia chini kwenda juu, ya njano, yenye mistari myekundu ndani. Mama mmoja anayeuza miche barabarani alisema hiyo ni okidi, ya aina inayoota ardhini. Akauliza nani anaitunza.

"Dada yangu," alisema mdogo wangu. "Anakaa hapa na sisi."

Watu wote wakanigeukia. Nilikusanya vikombe ambavyo vilikuwa bado na chai, nikaingia jikoni, na sikutoka mpaka sala ya kufunga.

Maua yalidondoka moja moja, yakaacha vifuko vya kijani vilivyokauka na kupasuka, mbegu zake laini kama vumbi. Kufikia hapo nilikuwa nimepata kazi ya kupika kwenye shule ya chekechea huko Chanika, nikapanga chumba. Siku ya kuondoka shemeji alikuja na koleo, akitaka kunichimbia kipande cha kwenda nacho.

"Acha tu, shemeji," nilimwambia. "Huko hamna pa kupanda."

Nilidanganya. Uwanja ulikuwepo. Niliona haya kubeba tena kitu cha nyumba ile.