Ukuta wa Wafiwa wa Musonoi

Kosa langu la kwanza katika kazi hii ya kukaa na wafiwa nililifanya nikiwa bado mtoto, kabla sijajua kwamba kuna kazi kama hii: nilirekebisha mchoro wa mtu aliyefiwa. Wiki iliyopita nilipita Musonoi, mtaa niliokulia, kwa pikipiki, nikamwomba dereva asimame pale lilipokuwa kanisa letu. Mgodi umesogea mpaka hapo. Kuna uzio na vumbi la malori, basi. Lakini niliposimama nilisikia harufu ya uji wa mihogo, ingawa hapakuwa na chungu popote, na ndiyo maana nakuandikia.

Wakati ule, kiangazi kikianza, wanawake wa mtaa wetu walisiliba upya kuta za nyumba zao na kuzichora. Bibi yangu alichota udongo mweupe mtoni, mwekundu aliuvunja kwenye kichuguu, mweusi ulitokana na makaa. Kijani tulikipata kwa kusaga mawe ya shaba yaliyodondoshwa na wachimbaji njiani. Vyote vilikorogwa na uji wa mihogo ili vishike ukutani. Kazi yangu ilikuwa kusaga. Jioni hata bukari, ule ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo vilikuwa na ladha ya jiwe. Mvua za kwanza zilipokuja ziliosha kila kitu, na hakuna aliyesikitika.

Mke wa mchungaji wetu aliichukua desturi hiyo akaipeleka kanisani. Jumamosi, baada ya maombi, aliwagawia wafiwa vipande vya ukuta wa nje, kila mtu chake, achore lile analotaka kumwambia Mungu lakini mdomo unakataa. Sharti lilikuwa moja: mkono wako usiguse kipande cha mwenzio. Usidhani palikuwa na huzuni tupu. Kulikuwa na nyimbo, karanga za kuchemsha, na utani. Mama mmoja alichora mnyama wa miguu minne, mwenzake akamuuliza, "Ile ni mbuzi ao imbwa?" Akajibu bila kugeuka, "Ni mama-mukwe yangu," na tukacheka mpaka uji ukamwagika.

Mama jirani yetu hakucheka. Mwanawe alikuwa amefukiwa katika shimo la madini kule Mutoshi, na mwili haukupatikana. Bila mwili, hakukubali kilio kifanyike. Kila jioni alimpakulia kijana sahani yake, yeye mwenyewe hali, na aliyetaja kifo alifungiwa mlango. Bibi alisema akiendelea hivyo tutampoteza na yeye. Kwa hiyo siku alipokubali kushika tambara na kuchora, mke wa mchungaji alitazama pembeni, asimtishe.

Alichora duara jeusi. Akalijaza, akalijaza tena, mpaka likawa doa kubwa lenye kingo zinazochuruzika. Chini kabisa aligusa kwa kidole, alama moja nyeupe. Kisha akaenda nyumbani.

Mimi, rafiki yangu, nilikuwa mtoto ambaye kila daftari lake lilitobolewa na kifutio. Nilijifundisha kuchora peke yangu, kwa kunakili picha za makopo ya nyanya, na mstari uliopinda uliweza kuninyima usingizi. Lile doa lilinikera. Tena nilimpenda jirani, aliyekuwa akinipa ukoko wa sufuria yake, nikaamini akikuta kitu kizuri atapona. Wengine walipokuwa wakinawa mikono, nilipaka nyeupe juu ya weusi wote, nikachora nyumba ya bati, maua, na jua la kijani. Mistari ilinyooka. Nilijivunia sana.

Kesho yake jirani alikuja kabla ya ibada. Alisimama mbele ya ukuta, na sauti yake haikuwa kubwa.

"Nani alifunika mutoto yangu?"

Watu waligeuka. Tangu msiba utokee, hakuwa amesema hata mara moja kwamba mtoto wake yuko chini ya udongo.

Bibi alinitazama tu. Aliijua mistari yangu. Nikasema, "Ni mi." Nilingoja kofi. Jirani akaleta ndoo ya maji na tambara.

"Basi fungula," aliniambia. "Tufungule, mi na wewe."

Tukasugua. Jua likatiririka, maua yakaenda, weusi ukarudi kidogo kidogo. Huku akisugua alianza kusimulia: kijana alipiga mluzi akitoka kazini, alichukia maharage, alitaka kumnunulia mama yake bati la paa. Tulipofika chini, ile alama nyeupe ilikuwa imeoshwa pamoja na rangi yangu. Nililia. Nilitaka kuirudisha mimi mwenyewe, akanishika mkono. Alichovya kidole chake, akaigusa pale pale.

"Ni ye uyu," akasema. "Alivaa shati ya mweupe."

Kisha akakaa chini, akalia. Wanawake wakakaa naye mavumbini, na kilio kikaanza hapo hapo, bila mwili, na mchungaji akatoka nje na kuendesha ibada ukutani. Jioni ile jirani alipakua sahani moja tu, akala.

Sasa mtaa ule umetawanyika. Bibi tulimzika Kasaji. Rangi zinatoka dukani kwa ndoo, na sijui kama yupo bado anayekumbuka kichuguu kipi kilikuwa na wekundu mzuri. Mimi naongoza Jumamosi za wafiwa katika kanisa dogo la hapa Kolwezi. Sikusomea, nimejifunza kwa vitabu vya kuazima na kwa kukosea, na kila Ijumaa naogopa kuharibu. Mkono bado unaniwasha nikiona mstari uliopinda. Ila siku hizi namwomba mwenye mchoro anieleze alichochora, halafu nanyamaza mpaka amalize.