Nilivyokimbia triathlon Pemba kwenye jua kali, na msuli kiunoni kwa ajili ya mama wa mchumba

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara na wa visiwani.

Ninachokiandika hapa ni kweli tupu. Mwenye wasiwasi aje Wawi awaulize kina mama, lakini awe na muda, maana wakianza kukihadithia kisa hiki hawamalizi.

Mimi ni fundi wa mafriji na AC hapa Chake Chake. Kazi yangu ni kuwapoza wengine, mwenyewe nashinda juani. Kitambi kilishaanza kuchungulia, ndipo rafiki yangu Hamadi, anayeuza spea za baiskeli, akanitia kwenye mambo ya triathlon.

Kwa wasioijua: unaogelea, ukitoka majini unapanda baiskeli, ukishuka kwenye baiskeli unakimbia. Siku hiyohiyo moja, bila kupumzika.

Hii yetu ilikuwa ya masafa marefu. Karibu kilomita mbili baharini, tisini za baiskeli, ishirini na moja za miguu. Wageni kadhaa, watu wa bara, na sisi wenyeji wachache tuliojitia ujuzi. Hakuna aliyenilazimisha. Nililipia mwenyewe nikiwa na akili timamu.

Sasa hapa ndipo utamu ulipo, tulieni.

Wiki hizohizo nilikuwa nimepeleka posa Wawi, kwa kina Salma. Salma ndiye roho yangu, na hilo nalisema hadharani. Baba yake ni marehemu, walii wa kumwozesha ni ami yake, ndugu wa baba, na ami alisema wazi kwamba yeye hatoi jawabu mpaka mama mtu aridhike.

Mama mtu ni Bi Mwanakombo. Na Bi Mwanakombo alikuwa bado hajaridhika.

Kisa? Alikuwa amesikia kwamba kuna fundi friji anakimbia barabarani asubuhi na kichupi. Salma alinipa maneno yake kama yalivyo: "Ntu nzima, mapaja nje, kana haya?" Yaani hana haya.

Haikuwa kichupi, wakuu. Ilikuwa bukta ya mazoezi. Lakini nenda wewe ukamweleze.

Kwetu mama mkwe ni mtu wa kuonewa haya kwelikweli. Mbele yake unakaa vizuri, unaongea kwa kituo, na goti likionekana ni kesi. Sasa mimi hata mkwe sijawa, tayari nina kesi. Posa yangu ikawa inajibiwa "inshaallah tutawaambia", wiki baada ya wiki. Simu ya ami yangu, aliyenipelekea posa, ikilia, moyo wangu unaruka.

Kosa langu mimi ni moja: nilijiandikisha bila kuuliza njia.

Siku moja kabla ya mbio tukaitwa kiwanja cha Gombani kuelekezwa. Kukimbia kutakuwa raundi nne, kutoka Gombani hadi Wawi na kurudi. Maji yatagawiwa Wawi, na watakaogawa ni kina mama wa mtaa, chini ya kiongozi wao, Bi Mwanakombo.

Mara nne, wakuu. Na nguo yenyewe ya triathlon ni ile ya kubana mwili mzima, inaishia katikati ya paja.

Hamadi alicheka mpaka akakaa chini.

Nikapanga mambo. Nikachukua traksuti, niivae nikitoka majini, nimalize nayo siku. Joto? Nitavumilia. Ilikuwa kiangazi cha kweli, msimu wa karafuu, jua linawaka tangu asubuhi.

Jambo jingine tuliloambiwa: mwisho wa mbio ni adhana ya Alasiri. Watayarishaji walikubaliana na watu wa misikiti kwamba tunaanza baada ya Sala ya Alfajiri, na muadhini wa Alasiri akianza, barabara inafunguliwa. Asiyefika kiwanjani hana medali.

Asubuhi nikasali na msuli wangu, ile shuka ya kujifunga kiunoni, wa miraba ya kijani, nikamwachia Hamadi, nikaingia majini Wesha.

Kuogelea sina hadithi. Nimekulia pwani. Nilimeza maji kidogo, nikapigwa teke na mgeni mmoja, nikatoka nacheka. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ile ya mtu asiyejua yanayomsubiri.

Baiskeli ndiyo ilinionyesha. Chake mpaka Konde na kurudi. Pembeni mwa lami majamvi ya karafuu yameanikwa, harufu imejaa njia nzima, na kila baraza ninayoipita watu wananiambia pole. Nikawa najibu zote, maana usipojibu utaambiwa una kiburi, na habari za kiburi zingefika Wawi kabla yangu.

Karibu na Konde, mguu wa traksuti ukaingia kwenye mnyororo.

Ukaraaa, ukachanika mpaka pajani. Baiskeli ikayumba, nikaenda kusimama kwenye ncha ya jamvi la karafuu la mtu. Mwenyewe akatoka mbio. Nikadhani anakuja kunisaidia. Alikuja kuziangalia karafuu, akaziokota zilizomwagika moja moja, akanisema vizuri, kisha ndipo akaniuliza kama nimeumia.

Traksuti nikaivua, nikaiacha palepale kwenye mti. Nikarudi Chake na kile kivazi cha kubana, jua kichwani, nikiwaza jambo moja tu: Wawi nitapitaje?

Gombani nikamkuta Hamadi. Sikumsalimu. Nilimwambia lete msuli.

Akanipa, machozi ya kucheka yanamtoka.

Sasa kukimbia na msuli juani, wakuu, jaribuni siku moja mnipe ripoti. Unajifunga miguu. Hatua zinakuwa fupi, na jasho likiingia kitambaa kinakuwa kizito. Nikaona siwezi kuuvaa njia nzima. Kabla ya kufika Wawi kuna kona, na kwenye kona pana migomba. Nikaamua msuli utakaa humo. Nikifika naingia migombani, navaa, napita mbele ya kina mama, nageuza, napita tena, nikirudi konani nauvua. Mpango safi kabisa.

Raundi ya kwanza nikatokea nimevaa msuli, napepesuka, natabasamu.

"Shikamoo mama."

Akaitikia marahaba. Akanitazama toka juu mpaka chini. Kisha akaanza kuniuliza hali, na ya mama, na ya ami, na ya ndugu zangu mmoja mmoja. Mkwe anayetarajia jawabu haondoki mtu mzima anaongea. Nikasimama, mikono mbele. Wageni wanapita nyuma yangu, wanadaka vikombe, wanajimwagia vichwani, wanakwenda.

Nikanyoosha mkono nichukue maji. Bi Mwanakombo akasema, "Kaa unywe, fundi."

Ndiyo adabu yetu, maji mtu anywe ameketi. Nikachuchumaa. Nikapiga bismillahi, nikanywa mafunda matatu kwa utulivu kama niko sebuleni. Kunyanyuka sasa, paja likakaza. Nilinyanyuka kwa kumshika mgeni aliyekuwa anapita. Masikini, hakuelewa.

Raundi ya pili vilevile. Migomba, msuli, shikamoo, habari za nyumbani kana kwamba zimebadilika tangu tulipoachana. "Kaa unywe, fundi." Nikakaa.

Niliumia na lile neno. Fundi. Fundi ni yule unayemwita friji likiharibika, anamaliza anaondoka.

Raundi ya tatu jua lilikuwa limenimaliza. Lami inanata kwenye viatu, masikio yanavuma, na mwenyewe naongea peke yangu. Bi Mwanakombo hakuniuliza habari safari hiyo. Alikamua ndimu kwenye kikombe, akatia chumvi, akanipa, akasimama kunitazama mpaka nikamaliza. Nimechuchumaa. Wenzake wote wamejiziba midomo kwa kanga. Nikafikiri ni vumbi.

Wakati narudi Gombani kuanza raundi ya mwisho, likatokea wingu.

Mtu wa bara hawezi kujua wingu ni nini msimu wa karafuu. Karafuu zilizokaribia kukauka zikinyeshewa ni hasara, kwa hiyo wingu likionekana kila mtu anaacha alilonalo, anakimbilia majamvini kuzoa. Njia nzima watu wanakimbia, wengi wananishinda mimi niliyevaa namba.

Mvua yenyewe haikunyesha hata tone. Lakini nilipofika kwenye kona yangu, nikaingia migombani, msuli hakuna.

Nikatazama huku na huku. Mbele kule kwenye njia ya shamba namwona Mzee Faki, namjua, nimeshamtengenezea friji yake, anakwenda zake na furushi kichwani. Furushi la miraba ya kijani.

Nikamkimbilia. Nikamwambia mzee wangu, huo msuli ni wangu. Akasimama kwa utaratibu. Akasema aliukuta umetundikwa bila mtu, na wingu lilikuwa linakuja, gunia halikutosha. Halafu akaniambia nisiwe na wasiwasi, kesho ataufua aniletee.

Ningefanya nini? Nimwage karafuu za mtu chini? Nikamshukuru.

Nikarudi migombani. Hapo nikakwama kabisa.

Mbele yangu hatua chache tu wapo kina mama, na Bi Mwanakombo katikati. Nikitoka hivi nilivyo, mapaja yote nje, posa imekwisha. Nisipotoka, Alasiri inaingia, na miezi yote ya mazoezi imekwenda bure. Nikajaribu jani la mgomba kiunoni. Ndiyo, nilijaribu. Lilichanika. Nikachungulia, nikajificha. Nikachungulia tena. Nilitaka kulia na kucheka kwa pamoja, nadhani nilifanya yote mawili.

Ndipo nikasikia sauti yake. Hakupiga kelele, alisema kwa kawaida tu, kama mtu anayepanga vyombo.

"Geukeni nyote muelekee ukutani. Nkwe wangu kakosa nguo, na wakati unankimbia. Apite."

Nkwe. Mkwe, kwa ulimi wa kwetu. Hakusema fundi.

Nilichungulia na sijawahi kuona kitu kile tena. Safu nzima ya kina mama wamenipa mgongo, nyuso ukutani, kanga tupu za rangi zote. Na mikono yao imenyooshwa kwa nyuma, kila mmoja ameshika kikombe cha maji, vikombe vinatikisika kwa sababu wenyewe wanacheka chini kwa chini.

Nikatoka. Nikapita mbio nyuma ya mama mkwe wangu, nikadaka kikombe kwenye mkono wake, na kwa mazoea nikaanza kuchuchumaa.

Akasema bila kugeuka, "Kunywa huku wenenda. Mola nsamehevu."

Wakuu, mimi nilipaa. Maumivu sikuyajua tena. Nilikwenda nikageuza, nikarudi nikapita, migongo bado iko palepale, vikombe viko palepale. Nilikimbia njia ya Gombani nacheka kwa sauti, watu barazani wakaacha kuniambia pole wakaanza kuniombea.

Kiwanja kinaonekana mbele, kipaza sauti cha msikiti kikakwaruza. Muadhini akakohoa. Nikaongeza mwendo. Allahu Akbar ya kwanza ikanikuta bado niko nje ya geti.

Basi. Nilipoingia walikuwa wanakunja kamba. Medali sikupata, na kwenye matokeo nimeandikwa kuwa sikumaliza.

Hamadi aliniona nacheka peke yangu akajua jua limenipanda kichwani, akanimwagia ndoo nzima ya maji. Nikamshika shati, nikamwambia kaniita mkwe. Akaacha ndoo ikaanguka. Tukakumbatiana pale tukarukaruka kama watu waliochukua kombe, na washindi wenyewe wanatushangaa.

Siku hiyohiyo baada ya Magharibi ami yangu akapigiwa simu kutoka Wawi. Jawabu limepatikana, tukapange siku.

Baadaye Salma akanitobolea siri. Pale walipokuwa kina mama ni juu kidogo, na migomba ile kutokea pale inaonekana yote. Tangu raundi ya kwanza walikuwa wananitazama ninavyoingia, ninavyohangaika kufunga msuli, ninavyojitazama kama umekaa sawa. Bi Mwanakombo aliwakataza kucheka. Aliwaambia mtu anayekufa kwa joto na bado anatafuta msuli kwa ajili yangu, huyo ana haya zake.

Bi Mwanakombo mwenyewe nilimuuliza mara moja tu, mimi na Salma tulipokwisha kuoana. Akanijibu kwamba yeye siku ile hakuona kitu, na chai yangu inapoa.

Msuli Mzee Faki aliuleta, umefuliwa. Mpaka leo unanuka karafuu.

Funzo nililopata: kabla ya kujiandikisha mbio zozote, uliza njia inapita kwa nani. Na la pili, ukimheshimu mtu kwa dhati, hata ukichekesha, anaona.

Mwaka huu najiandikisha tena. Mama mkwe keshauliza ni lini. Kanishonea mwenyewe suruali ya kitambaa chepesi, inafika chini ya goti, na kiunoni katia kamba mbili ili isikimbilie karafuu.

Haya, nyie wenye wakwe, leteni vyenu. Na kama kuna mtu wa bara anayejua dawa ya paja kukaza mtu akichuchumaa, aandike hapa, maana mwaka huu nitaambiwa nikae ninywe.