Sista Jovitha na Neno Ambalo Daktari Hakulisema

Alizaliwa Kamachumu, mkoani Kagera, tarehe 3 Mei 1988, mtoto wa tatu wa mwalimu Adrian na mkewe Natalia, akabatizwa kwa jina la Jovitha. Mungu alimjalia kipaji cha lugha. Mwaka 2009 alikwenda Guangzhou, China, kusoma, na baada ya masomo akabaki katika mtaa wa Sanyuanli mjini humo, akiwatafsiria wafanyabiashara wa kwetu mbele ya wenye maduka ya jumla. Misa ya Jumapili hakuikosa, akasifiwa kuwa mcha Mungu. Sifa ambayo baadaye aliikumbuka kwa uchungu.

Aprili 2015, msimu wa maonyesho makubwa ya biashara ya Pazhou, mama mmoja Mwislamu kutoka Unguja, Bimkubwa, mgonjwa wa kisukari, alimwomba amsindikize hospitalini kwa ajili ya kidonda cha mguu. Daktari alisema kwa Kichina kwamba lazima alazwe siku ileile, la sivyo mguu utaoza. Lakini wateja walikuwa wakimsubiri Jovitha Pazhou, na kumlaza mgonjwa kungemchukua kutwa nzima. Akamgeukia Bimkubwa.

"Anasema upake dawa, upumzike, urudi wiki ijayo."

Mama yule akamshukuru, wakaagana mlangoni.

Kabla ya wiki kwisha, mguu ulikatwa chini ya goti. Jovitha alipokwenda kumwona, Bimkubwa aliwaambia wageni kwamba binti huyu amemtendea wema kuliko ndugu. Jovitha aliinamisha uso. Majuma matatu alisifiwa hivyo, na kila sifa ilimchoma. Kanisani hakuthubutu kukomunika. Hatimaye aliungama. Padre alimwondolea dhambi, kisha akamtuma kwa aliyemkosea.

Akaenda, akapiga magoti kando ya kitanda, akaeleza yote. 

"Mguu hauoti kwa machozi yako, mwanangu," alisema Bimkubwa. "Sijakusamehe. Lakini kidonda kinataka kusafishwa, na hapa sina mtu."

Jovitha alimwuguza mpaka aliporudi Unguja, na katika kuosha kidonda kile ndipo alipousikia mwito.

Mwaka 2016 alibisha hodi kwa masista wauguzi wa jimbo la kwao. Mama Mkuu, Sista Dainess, alipoisikia habari yake hakumpokea. "Utawa si pango la kujifichia aibu," alimwambia. Jovitha akarudi Guangzhou, akasindikiza wagonjwa miaka miwili. Kila mgonjwa, Jovitha alimweleza kwanza alichomtendea Bimkubwa, akamwachia achague kumwamini au kutafuta mwingine. Wengi walimkataa. Mwaka 2018 alibisha tena, akapokelewa. Siku ya nadhiri zake za kwanza, Agosti 2021, Bimkubwa alimpigia simu, akasema alikuwa amemsamehe zamani, ila yeye naye aliona haya kwa kuchelewa kumwambia.

Sista Jovitha alifariki kwa saratani tarehe 12 Novemba 2024, akiwa ameomba kwamba kosa lake lisomwe mazikoni kabla ya sifa yoyote. Sista Dainess alisita, kisha akalisoma. Jioni ile masista wawili waliokuwa hawasemezani kwa miaka sita walionekana wamekaa pamoja wakilia, na padre hakutoka katika kiti cha kitubio hadi giza lilipoingia. Hatutangulii hukumu ya Kanisa kuyaita hayo muujiza. Ila sisi tuliopenda kusifiwa kwa wema tusiokuwa nao, tumwige: tumwendee tuliyemkosea, tumwambie ukweli, na tukubali kubaki naye hata kama bado hajatusamehe.