Dakika Nne na Sekunde Ishirini za MaZondi

Nomagugu Zondi, MaZondi kwa wote waliomjua, hakuwahi kushika usukani maishani mwake, wala leseni hana, lakini Edendale nzima ilimwita dereva. Basi lake lilikuwa la watu. Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya Juni, katika mbio za Mabonde, kilomita hamsini na sita za kupanda na kushuka, wakimbiaji wa mwisho mwisho hujikusanya nyuma ya mgongo wake. Huwa thelathini, arobaini, mwaka mmoja walifika sitini. Yeye huwapeleka mpaka uwanjani kabla ya saa saba mchana, saa saba kamili tangu bunduki ya kuanzia, bunduki ya pili inapolia na mstari kufungwa. Akisema "tunakimbia," wanakimbia. Akipiga makofi mawili na kusema "tunatembea," wanatembea, hata yule ambaye miguu yake bado inawasha kukimbia. Na abiria wa basi hawavai saa. Mtu anayechungulia mkono wake kila dakika huwatia wenzake kiwewe, kwa hiyo saa huachwa nyumbani na hesabu yote hukabidhiwa dereva.

Siku za kazi alikuwa dobi wa hospitali, miaka ishirini na mitatu chumba kimoja, mashuka kutwa nzima. Mbio alizianza kwa sababu ya mgomo wa teksi. Wiki mbili hakukuwa na usafiri, naye hakuwa mtu wa kukosa kazi, basi akawa anakwenda kwa miguu kilomita tisa na kurudi tisa, na kwa kuwa kulala alikupenda, akaona heri akimbie ili apate nusu saa zaidi ya kitanda. Mgomo ulipoisha akapanda teksi siku tatu, ya nne akashuka njiani. Alisema mle ndani alikuwa hawezi kuota. Barabarani kila kitu kilimjia chenyewe, nyimbo, sura za watu waliokufa, rangi za nguo alizovaa utotoni, huku miguu ikiendelea na shughuli zake.

Ungedhani mtu wa ndoto namna hiyo hafai kukabidhiwa hesabu. Lakini miaka kumi na mmoja basi lake halikuchelewa hata mara moja. Lilifika siku zote dakika tatu kabla ya bunduki, si zaidi, maana ukiwaharakisha watu wa nyuma unawavunja, na si pungufu, maana mtu anaweza kubanwa na msuli mlangoni.

Katika abiria wake wa zamani alikuwamo mzee Ngubane, mwashi aliyestaafu, umri miaka sitini na minne, ambaye MaZondi alimwita Mbomvu kwa jina la sifa la ukoo wake. Mwaka huo Ngubane alikuwa na medali tisa. Ya kumi ikipatikana, namba unayovaa kifuani inakuwa yako daima. Hakuna mwingine atakayeivaa, hata ukifa. Alikuwa ameshaipenda 2716 kama mtoto wa mwisho. Lakini goti lake la kushoto lilikuwa limeliwa na miaka ya kupiga magoti juu ya matofali, na daktari alishamwambia mbele ya mkewe kwamba hii ndiyo ya mwisho, akiendelea atatembelea mikongojo. Ngubane alikula kiapo pale pale. Moja tu, basi.

Tatizo lilianza kwa zawadi. Binti yake MaZondi aliyekuwa akifanya kazi Johannesburg alimtumia saa mpya ya kisasa, ile inayoongea na setilaiti, akamwomba mama aitupe ile ya plastiki iliyofungwa kwa gundi. MaZondi hakupenda kumvunja moyo mtoto. Akaivaa.

Alfajiri ya mbio ukungu ulikuwa umelala barabarani hadi viunoni. Watu elfu nne walisimama wakitoa mvuke midomoni, na basi la MaZondi, kama kawaida, lilikuwa nyuma kabisa, karibu na vyoo. Saa mpya ikawa inazungusha kiduara chake, inatafuta setilaiti. Bunduki ikalia huko mbele, mbali, kama mtu aliyekohoa chumba cha pili. Saa ikaendelea kuzunguka. Umati ukaanza kusogea hatua kwa hatua, watu wakikanyagana visigino, na ulipofika kwenye mkeka wa mstari wa kuanzia, pale ambapo zile chipu zilizofungwa kwenye kamba za viatu huzinduka na kuanza kuhesabu, ndipo saa ilipotetemeka kuonyesha kwamba iko tayari. MaZondi akaibonyeza. Akainua macho kwenye saa kubwa ya waamuzi iliyokuwa ikihesabu tangu bunduki. Dakika nne na sekunde ishirini.

Chipu inajua ulipokanyaga mkeka wa kwanza, na kwa hiyo inalijua jasho lako lote. Saa ya mkononi inajua ulipoibonyeza. Lakini mlango wa mbio za Mabonde hausikilizi chipu wala saa, unasikiliza bunduki mbili tu, ya alfajiri na ya saa saba. Wa nyuma hupoteza dakika zao wakiwa wamesimama, na hakuna wa kuwarudishia. Ni uonevu, semeni mnavyotaka, lakini ndiyo sheria na kila mtu anaijua.

"Nitajumlisha," MaZondi alijiambia. Hakumwambia mtu. Abiria hawahitaji kujua matatizo ya injini. Akayafanya maneno yale wimbo wa moyoni, nne na ishirini, nne na ishirini, mguu wa kulia na wa kushoto.

Jua lilipopanda ukungu ukainuka polepole kutoka kwenye nyasi za manjano. Mahali fulani walikuwa wakichoma ukanda wa majani wa kuzuia moto wa nyika na harufu ya moshi ikawa inawafuata vilima vitatu. Wanawake wa kando ya barabara waliwapa viazi vya kuchemsha vilivyochovywa chumvi na mahewu, uji mchachu wa mahindi, kwenye vikombe. Qiniso, fundi matairi mwenye sauti ya kutosha kanisa zima, aliongoza nyimbo, na watu thelathini na wanane wakamwitikia kwa viatu.

"Mbomvu, goti linasemaje?" MaZondi aliuliza kilomita ya thelathini.

"Linatukana, lakini kwa adabu."

"Liambie lisubiri saa saba litukane vizuri."

Basi likacheka, likapanda kilima. Na hapo ndipo alipopotea. Nyimbo ziliposhika na miguu ya wote ikawa mguu mmoja, mwili wa MaZondi ulibaki barabarani naye akaenda zake. Aliiona barabara ni shuka refu jeupe, na upande wa pili wa shuka amesimama marehemu mama yake, wanalikunja pamoja, wanasogeleana, wanaachana, wanasogeleana. Mama alikuwa kijana kuliko yeye. Kulikuwa na upepo wa sabuni. "Yako mangapi?" mama aliuliza, naye akajibu namba fulani nzuri sana, na mama akafurahi. Huku nje mikono yake ilipiga makofi mawili, watu wakatembea. Kinywa chake kilisema "tunakimbia," wakakimbia. Aliitazama saa na kuzisoma namba zake bila kosa. Lakini ule wimbo mdogo wa nne na ishirini ulikuwa umezama ndani ya wimbo mkubwa wa Qiniso, wala hakuusikia ukizama. Alikuwa na furaha. Hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko yote, kwamba alikuwa na furaha.

Kilomita ya hamsini na mbili, mbele ya duka dogo, palikuwa na mtu amekaa juu ya kreti la bia, redio mapajani.

"Mmebakiza dakika ishirini na nane!" alipiga kelele. "Msilale nyie!"

"Wewe ndiye ulale, umelewa!" Qiniso alimjibu. "Dereva wetu ametuambia sasa hivi thelathini na mbili! Mzee, kapunguze hiyo bia!"

Basi likaangua kicheko. MaZondi naye alianza kucheka, akaangalia saa, akaacha. Thelathini na mbili kasoro nne. Mashuka, mama, sabuni, vyote vikaondoka kwa mkupuo, akabaki mwanamke wa miaka hamsini na minane katikati ya lami, jasho jembamba likimtiririka mgongoni.

Angeweza kunyamaza na kuongeza mwendo kidogo kidogo. Wazo hilo lilimjia, siwezi kumficha. Lakini nyuma yake palikuwa na watu walioacha saa zao nyumbani kwa sababu yake.

"Simameni! Hapana, msisimame! Nisikilizeni huku mnakimbia. Nimekosea."

"Umekosea nini, mama?"

"Hesabu. Huyo mzee wa redio hajalewa. Saa yangu niliianzisha mkekani nikasahau kujumlisha. Zimebaki kilomita nne na dakika ishirini na nane. Hakuna kutembea tena. Qiniso, pita mbele, waimbie wa haraka. Mwenye miguu aende!"

Mwanamke mmoja akasema, "Yesu wangu." Kisha Qiniso, bila kumlaumu, akapita mbele, akapandisha wimbo kwa kasi nyingine kabisa, na basi likaanza kumtoka MaZondi ubavuni, mmoja mmoja, wengine wakimgusa bega. Alipogeuka, nyuma alikuwa amebaki mtu mmoja, anavuta mguu wa kushoto.

"Nenda, MaZondi," alisema Ngubane. "Bado una nguvu wewe."

"Niende wapi na basi liko hapa?"

"Basi limeshaondoka."

"Nimesema liko hapa. Kimbia, Mbomvu."

Akakimbia. Mimi nimewaona vijana wakikimbia kwa sifa, lakini mzee huyo alikimbia kama mtu anayebomoa nyumba yake kwa mikono. Goti liliposhindwa kukunja alilirusha pembeni, likaja mbele, akalirusha tena. Hakuuliza muda. MaZondi alikuwa kando yake akimwambia nguzo ile, sasa ile, sasa ule mti, na moyoni alikuwa anaomba zile dakika zake zirudi, popote zilipokwenda, hata nusu yake.

Wakaingia uwanjani. Nyasi laini chini ya miguu, kelele za watu pande zote, na mwisho wa nyasi, mstari. Juu ya jukwaa dogo alisimama mzee wa bunduki. Kwa desturi huwapa mgongo wakimbiaji ili asije akamwona mtu akamhurumia. MaZondi aliuona mgongo huo, koti jeusi lililopigwa pasi vizuri. Aliona mkono ukipanda.

"Mbomvu, sasa!"

Zilikuwa zimebaki hatua arobaini, na bunduki ikalia.

Upande wa pili wa mstari wanaume walishikana mikono, ukuta wa watu. Nyuma ya ukuta, Qiniso na abiria wengine walikuwa wameingia wote, wamevaa medali, na hakuna aliyekuwa akiimba. Ngubane hakupunguza mwendo. Alikimbia hatua zote arobaini mpaka vifua vya wale wanaume, kisha akasimama pale, akawatazama nyuso mmoja baada ya mwingine kana kwamba kuna anayemfahamu. MaZondi akabonyeza saa kwa mazoea. Baadaye wakamshika Ngubane kwapani, wakamkalisha kwenye nyasi.

MaZondi alisimama mbele yake.

"Nilikukabidhi hesabu," Ngubane alisema bila kuinua uso. "Kazi yangu mimi ilikuwa miguu."

"Ndiyo, Mbomvu."

"Miaka minane niko nyuma yako. Nimewahi kukuuliza saa ngapi?"

"Hujawahi."

"Basi leo nauliza. Hiyo saa yako inasema nini?"

Ilimbidi aifute kwanza kwa kidole, ilikuwa na chumvi. "Saa sita, dakika hamsini na tano, sekunde hamsini na nane."

"Tangu mkekani."

"Tangu mkekani."

"Na mbio ni za saa saba."

"Saa saba."

Ngubane alifikiri, midomo ikichezacheza, mwashi anayepima ukuta kwa jicho.

"Kwa hiyo miguu yangu haikuchelewa."

MaZondi alijua kwamba angeweza kutaja bunduki, na umati, na setilaiti, na sheria, na vyote vingekuwa kweli.

"Haikuchelewa, baba," alisema. "Nimechelewa mimi."

Ngubane akatikisa kichwa kukubali, mara mbili. Kisha akavua kofia, akaufunika uso wake, akalia kwa sauti, na MaZondi akakaa chini kando yake wala hakujaribu kumnyamazisha.